Beit al-Ajaib litumike kwa kazi gani? Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya urithi wa Zanzibar

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya mambo ya kale, makumbusho na hifadhi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar,

Yah: Matumizi ya Beit al-Ajaib

Assalaam alaykum.

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu ambaye, katika miaka ile Beit al-Ajaib, lile kasri la pwani la Seyyid Barghash ambalo sehemu yake kubwa ilianguka 2020, lilipokuwa makumbusho, nilizoea kuwapeleka wanafunzi wangu mle ndani. Tulikuwa tukianzia kwenye mtepe uliosimama uani, chombo kilichoshonwa kwa kamba pasi na msumari hata mmoja, na kumalizia juu kwenye varanda, ambako watoto walilisahau somo lote na kuanza kutafuta mapaa ya nyumba zao. Mimi si mhandisi, na sina la kuwafundisha waashi juu ya kazi yao. Ninachotaka kusema ni kimoja. Jumba hili limekuwa nyumba ya mfalme kwa muda mfupi sana kuliko muda lililokuwa kitu kingine, na kwa hiyo ninaomba lisirudishwe kuwa kumbukumbu ya mfalme mmoja wa mwaka 1883, bali muamue mbele ya wananchi litafanya kazi gani, na muziache alama za kazi zake zote zilizopita zionekane.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lilijengwa 1883 na likageuzwa ofisi za serikali 1911. Hiyo ni miaka 28. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 100 ambayo ndani yake hapajakuwa na kiti cha enzi, na katika miaka hiyo jumba limewapokea makarani, wanachama, wanafunzi na wageni wa makumbusho, na kwa miaka kadhaa halikumpokea mtu yeyote isipokuwa popo na maji ya mvua.

Hata Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi alipofariki 1888, hakulijenga ili alale humo. Majumba ya kulala alikuwa nayo, kwani Beit al-Sahel na Beit al-Hukm yalikuwa pale pale pwani, yakaunganishwa na jumba jipya kwa madaraja ya juu yaliyofunikwa ili wanawake wa nyumba ya kifalme wapite bila ya kuonekana na watu wa barabarani. Beit al-Ajaib lilikuwa la sherehe na la kupokelea wageni wa dola. Nguzo za chuma zilizobeba varanda kila ghorofa, milango mikubwa ya kuchonga yenye maandishi ya Qur'ani, taa za umeme ambazo Unguja haikuwa imezizoea, na lifti ambayo mpaka leo hutajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki, vyote viliwekwa ili balozi anayeshuka kwenye mashua ajue anaingia kwa mtu wa aina gani. Watu wa mji wakaliita la ajabu, na jina likaganda.

Fedha zilizolijenga zilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na ushuru wa forodha, na nyuma ya karafuu na pembe walikuwapo watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 kwa mkataba alioutia saini Barghash huyo huyo, akiwa amebanwa na Waingereza, lakini hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria hapa kisiwani hadi 1897. Jumba lilipokuwa linapanda ghorofa baada ya ghorofa, karafuu zilikuwa bado zinachumwa na watu wasiokuwa huru. Mwenye kuwatembeza wageni akaitaja lifti asiwataje hao, huyo amewaonesha mlango tu. Na wazee walishasema kwamba nyumba njema si mlango.

Sasa nije kwenye mnara wa saa, kwa sababu nadhani ndiyo sehemu ya jumba ambayo watu wengi huikosea. Mnara ule tuliouzoea, uliosimama katikati ya uso wa jumba kama pua, haukuwamo katika jengo la Barghash. Mnara wa wakati wake ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukitumika pia kama taa ya kuongozea vyombo. Tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kifo cha Seyyid Hamad bin Thuwaini aliyekuwa mfalme, manowari za Kiingereza zilizokuwa bandarini zilianza kupiga mizinga muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikuwa amejitangaza mfalme bila ya ridhaa yao. Vita havikumaliza saa moja. Khalid alikimbilia kwenye ubalozi wa Wajerumani, mamia ya watu wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa, Beit al-Hukm liliangamia, Beit al-Sahel liliharibiwa vibaya, na mnara wa taa nao haukufaa tena. Beit al-Ajaib lenyewe lilipata madhara madogo. Lilipotengenezwa baada ya hapo ndipo mnara mpya wa saa ulipojengwa ukiwa umeshikana na uso wake.

Kwa hiyo mtu anayetaka kulirudisha jumba katika hali ya 1883, akiufuata msimamo wake mpaka mwisho, itambidi asiurudishe mnara. Na anayetaka mnara, kama ninavyoutaka mimi, amekwisha kubali kwamba sura ya jumba hili ilitengenezwa na zaidi ya mkono mmoja, na kwamba mmojawapo wa mikono hiyo ulikuwa wa mizinga. Naomba jambo hili likubaliwe waziwazi katika maandishi yenu, kwa sababu likishakubaliwa kwa mnara haliwezi tena kukataliwa kwa mambo mengine.

Katika hayo mengine, ofisi za baada ya 1911 ndizo ninazoziona zimesahauliwa zaidi kuliko umuhimu wake. Mwaka huo huo Seyyid Khalifa bin Harub alishika ufalme, akaukalia hadi 1960, na makazi yake yakawa Beit al-Sahel, lile lililojengwa upya baada ya mizinga. Jirani yake, ndani ya Beit al-Ajaib, wakakaa wakuu wa utawala wa Kiingereza na makarani wao. Fikirini maana ya mpangilio huo. Mwenye kilemba alikuwa nyumba ya pili, na mwenye mhuri alikuwa hapa. Raia aliyekuwa na shida na serikali alipanda ngazi za Barghash na kungoja kwenye varanda ya Barghash ili karatasi yake itiwe saini na mtu ambaye hakuwa wa ukoo wa Barghash hata kidogo. Sijui kitabu cha historia kinachoweza kumweleza mtoto wa skuli maana ya himaya, yaani nchi kuwa na mfalme wake na kutawaliwa na wengine, kwa wepesi kama majumba hayo mawili yanavyoweza, mradi chumba kimoja tu cha Beit al-Ajaib kiachwe na meza zake, makabati yake ya mafaili na benchi la kungojea. Badala yake, mara zote nilizowapeleka wanafunzi pale, miaka hiyo zaidi ya 50 ilikuwa tukiimaliza kwa sentensi moja, na mimi mwenyewe nikiwa mmoja wa waliokuwa wakiimaliza hivyo.

Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Seyyid Jamshid bin Abdullah, mfalme wa mwisho, akaondoka, Beit al-Sahel likapewa jina la wananchi na baadaye, mwaka 1994, likafanywa makumbusho ya kasri. Ndimo mlimo na chumba cha Sayyida Salme, dada wa Barghash kwa baba yao Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844 na kufariki Ujerumani akiitwa Emily Ruete. Beit al-Ajaib liliendelea kuwa ofisi, kisha likawa mikononi mwa Chama cha Afro-Shirazi, na katika miaka ya 1970 likawa skuli ya chama na makumbusho ya chama, kwa msaada wa Korea Kaskazini. Ninajua kwamba sura hii inawatia watu kigugumizi. Wapo wasioipenda kwa sababu wanaona ilichafua fahari ya kasri, na wapo wanaoipenda mno hata hawataki ichunguzwe. Mimi naona ni sura ya jumba kama nyingine yoyote, tena ndiyo pekee kati ya zile za zamani ambayo mashahidi wake bado tunaamkiana nao barabarani. Waliosoma mle ndani wakiwa vijana sasa ni wazee wenye wajukuu. Kama kuna kazi moja ambayo haiwezi kungoja jengo likamilike, ni kuwakalisha wazee hao mbele ya kinasa sauti na kuwauliza walikaa chumba gani, walifundishwa nini, na waliyaonaje yale makuta walipokuwa wakiyatazama wakati mwalimu anazungumza. Hilo halihitaji chokaa wala kibali cha ujenzi.

Baada ya hapo jumba likafanywa Makumbusho ya Historia na Utamaduni ya Zanzibar na mwambao wa Waswahili, na hiyo ndiyo Beit al-Ajaib niliyoijua mimi. Mji Mkongwe ulikuwa umeingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kwa muda tulidhani kwamba jumba limepata kazi itakayodumu. Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka, milango ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati uliogharimiwa na Serikali ya Oman ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa matumizi na matunzo si mambo mawili. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hubakia imara kwa karne nzima zikiwa kavu, lakini maji yakishapata njia kutoka kwenye paa au mchirizi uliotoboka, chokaa hulegea, udongo wa ndani hutiririka, na ukuta mnene hugeuka kuwa magamba mawili yaliyosimama bila ya kushikana. Ukipaka saruji juu yake ili kuficha ufa, unyevu hufungiwa ndani na mambo huzidi. Beit al-Ajaib lina tatizo la ziada, nalo ni chuma. Barghash alitaka upana wa kumbi ambao boriti za mikoko zisingeweza kuubeba, akatumia chuma na zege, na chuma kilichowekwa mbele ya bahari ya chumvi hula kutu, kutu huvimba, na kikivimba hupasua kile kinachokishika. Hakuna siri yoyote katika maelezo hayo, na kila fundi wa Mji Mkongwe anayajua. Lililokosekana lilikuwa mtu ambaye ni kazi yake kupanda juu ya paa kila kabla ya masika kutazama michirizi.

Kila mpangaji wa jumba hili alilipokea kama kitu kilichokuwapo tangu azali na kitakachokuwapo daima. Waingereza walilitumia, chama kikalitumia, makumbusho yakalitumia, na sisi walimu tukalitumia kwa kuwapandisha watoto 40 kwa wakati mmoja kwenye varanda bila ya kujiuliza chini yetu pana nini. Ndiyo maana sikubaliani na fikra kwamba kuna hatua ya kulijenga kwanza halafu, siku ya kukata utepe, tutaangalia litatumikaje. Kazi ya jumba ndiyo itakayoamua lina walinzi wangapi, linabeba watu wangapi kwa saa, fedha ya kupaka chokaa inatoka wapi, na nani ataulizwa siku dari likivuja. Jumba lisilo na kazi iliyo wazi halina mwenyewe, na tumekwisha kuona mara mbili matokeo yake.

Majirani zake wanaweza kutufundisha. Marhubi, kasri lingine la Barghash, liliungua 1899 na halikupewa kazi nyingine, na leo ni nguzo zilizosimama peke yake katikati ya miti. Ngome Kongwe, iliyo hatua chache tu kutoka Beit al-Ajaib, imewahi kuwa gereza na imewahi kutumiwa na watu wa reli, na leo jukwaa lake la wazi linapokea watazamaji wa filamu na wapenzi wa muziki. Ukuta wake umesimama, na nadhani si bahati tupu, kwa sababu mahali panapoingia watu kila wiki ufa huonekana mapema na hupigiwa kelele mapema. Mambo Msiige nalo, jumba la tajiri wa Kiarabu la katikati ya karne ya 19, lilipita mikono mingi, ya wageni na ya serikali, mpaka lilipokuwa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015. Sisemi kwamba hoteli ililiharibu jengo. Huenda paa lake sasa halivuji kuliko paa lolote la serikali. Nasema tu kwamba mimi, niliyekuwa nikipita pale nikiwa kijana bila ya kuulizwa ninakwenda wapi, sasa sina sababu ya kuingia.

Nakuja kwenye maombi yangu.

La kwanza na kubwa, tangazeni kwa maandishi, kwa Kiswahili, matumizi yanayopendekezwa ya kila ghorofa kabla hayajapitishwa, na mtupe muda wa kuyasema yetu. Pendekezo langu mimi ni kwamba jumba libakie kuwa makumbusho, lakini ghorofa moja nzima, na iwe ya chini, itolewe kwa kazi ya kila siku ya wakaazi: chumba cha kusomea kwa wanafunzi ambao nyumba zao za Mji Mkongwe na za Ng'ambo, upande wa pili wa mji, hazina mahali patulivu pa kufungulia daftari, na mahali pa kutazama picha na kumbukumbu za zamani za mji bila ya kulipa kiingilio. Mgeni wa ng'ambo ya bahari hatapungukiwa na kitu akimkuta mtoto wa Kikwajuni anafanya hesabu chini ya nguzo za Barghash. Nadhani ataliona jumba vizuri zaidi.

Pili, katika maonesho yatakayopangwa, kila kazi ya jumba ipate chumba chake, kasri, ofisi za himaya, skuli ya chama na makumbusho yaliyofungwa 2012, na watu waliochuma karafuu watajwe pale pale panapotajwa dhahabu ya milango. Sitaki chumba cha sherehe kiwe kikubwa mara nne kuliko vingine eti kwa sababu kina vitu vinavyong'aa.

Tatu, wafanyakazi wawili waliofariki Desemba 2020 waandikwe ukutani, ikiwa jamaa zao wataridhia, kwa majina yao kamili na kwa herufi za ukubwa ule ule utakaotumika kwa jina la mjenzi wa 1883. Nao ni katika waliolijenga jumba.

Nne, sehemu ya mapato ya viingilio ibakie kwenye jumba lenyewe kwa ajili ya paa, michirizi na nguzo, na taarifa ya ukaguzi wa kila mwaka iwekwe hadharani hata kama ni ya kurasa mbili. Mengine, kama rangi ya kuta na aina ya taa, nawaachia wenye macho ya kazi hiyo.

Najua kuna watakaosema kwamba barua hizi ni kuwasumbua watu waliokwisha elemewa na kazi ngumu. Huenda ni kweli, lakini jumba hili limewahi kukaa miaka mingi bila ya kusumbuliwa na mtu, na mnakumbuka lilivyokuwa.

Sihitaji jibu la kupelekwa nyumbani kwangu. Mkiliandika, libandikeni kwenye uzio wa jumba upande wa Forodhani, mahali ambapo watu hupita jioni, tutakuja kulisoma.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu, mkaazi wa Mji Mkongwe